Kazi ya Nyapara, Malipo ya Kibarua

Mahindi ya mbegu si mahindi ya kula. Watu wanaopita barabarani wakitoka Kitale huona shamba la kijani wakasema, tazama mahindi yalivyofanya vizuri mwaka huu, kumbe yale ni mahindi mengine kabisa. Yanapandwa kwa mpango. Laini sita za kike, laini mbili za kiume, tena sita za kike, mbili za kiume, mpaka mwisho wa shamba. Kila mhindi, yaani mmea mmoja, una ua juu, kile kishada kinachomwaga unga wa manjano, na chini una gunzi lenye nywele. Sasa kwa zile laini za kike, ua lazima litolewe kwa mkono kabla halijafunguka, ili unga unaoingia kwenye nywele utoke kwa laini za kiume peke yake. Mkiacha maua mengi, mbegu imechanganyika. Mkaguzi wa mbegu atakuja na kitabu chake, atatembea, atahesabu, na asiporidhika atalikataa shamba lote. Mahindi yataenda kusagwa unga kama mengine.

Sisi tuliita kazi hiyo kutoa maua. Mimi nimeifanya misimu kumi na saba katika shamba moja upande wa Kitale, na jina la shamba silisemi kwa sababu bado wananiandika kazi.

Ni kazi ya wanawake. Wanaume walisema mikono ya wanawake ni myepesi, haivunji mhindi, haing'oi majani pamoja na ua. Tulifurahi kusikia hivyo. Baadaye nilikuja kuona kwamba sifa hiyo ndiyo iliyofanya kazi iwe na malipo madogo. Kunyunyiza dawa ni kazi ya wanaume, malipo yake ni mengine. Kubeba magunia ni kazi ya wanaume, malipo yake ni mengine. Kutoa maua, ati ni wepesi wa mikono tu, kama kusuka nywele.

Wacha niseme ilivyo. Unaingia shambani alfajiri, umande unakulowesha mpaka kwenye nguo ya ndani. Majani ya mahindi yanakata kama wembe, kwa hivyo tulichukua soksi kuukuu, tukakata vidole, tukazivaa mikononi mpaka kwenye kiwiko. Unga wa maua unaingia shingoni, unawasha. Unainamisha mhindi, unashika ua chini kabisa, unavuta moja kwa moja kwenda juu, usikie limesema "pwi". Ukivuta kando, limekatika na nusu yake imebaki ndani, na hiyo nusu itachanua kesho kutwa. Shamba moja linarudiwa mara tano, mara sita, kwa sababu mahindi hayachanui siku moja kama watu wanaosimama kanisani.

Nilizaliwa Sirisia, nikasoma mpaka darasa la nne, nikaolewa Kamukuywa. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba hilo, na ndiyo njia niliyoingilia. Alipokufa mimi nilibaki. Nyapara wa wakati huo alikuwa na miguu mibaya. Alikaa kwenye mwanzo wa shamba na redio yake, na mimi nikawa natembea kwa niaba yake. Niliamsha watu kwenye nyumba za laini, zile za vibarua zilizojengwa kwa mstari. Niligawa nani ashike wapi. Nilirudi nyuma ya kila mmoja nikiangalia alichoacha. Wageni niliwafundisha mimi. Mkaguzi alipokuja, nyapara alivaa koti lake la kaki akasalimiana naye, halafu aliyeingia naye ndani ya mahindi kwa saa tatu ni mimi. Misimu minane nilifanya hivyo, na misimu yote minane hakuna shamba letu lililokataliwa hata kona.

Waliniita Mama wa Maua. Meneja alikuwa akipita na pikipiki anapunguza mwendo, "Mama wa Maua, habari ya kazi?" Mimi ninanyoosha mgongo ninajibu kwamba kazi ni nzuri. Malipo yangu yalikuwa ya kibarua, sawa na msichana aliyeingia jana. Msimu ukiisha niliongezewa sukari kilo mbili na leso. Nyapara alilipwa kwa mwezi, akapewa buti za mvua, koti, na nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Sikulalamika. Nikisema nililalamika nitakuwa naongopa. Nilipenda lile jina.

Na kuna jambo lingine ambalo lazima nilitaje kwa sababu lina maana hapa. Shamba letu lilikuwa na desturi kwamba mama mwenye mtoto wa kunyonya anaandikwa nusu siku. Hata akimaliza laini zake zote. Walisema anapoteza muda akienda kumnyonyesha mtoto pale chini ya miti ya mwanzo wa shamba. Na karani hakuwajua wenye watoto. Aliyempa majina jioni ni mimi. Huyu nusu, huyu nusu, huyu nusu. Wakilia niliwaambia, "Mimi nimenyonyesha sita na jembe mkononi. Hakuna aliyenionea huruma." Niliamini hivyo ndivyo watu wanavyokuwa wagumu.

Basi miaka mitatu iliyopita yule nyapara alistaafu akaenda kwao. Nikajiambia, sasa. Sikumwambia mtu, lakini nilifua vizuri gauni langu la bluu nikaliweka tayari. Siku ya Jumatatu meneja akaja na kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mrefu, mpole, ana cheti cha kilimo kwenye bahasha ya plastiki.

"Mama wa Maua," meneja akasema, "huyu ndiye nyapara mpya. Nakuachia. Mfundishe kila kitu."

Kijana akanipa mikono yote miwili. "Shikamoo shosho."

"Marahaba. Mimi si shosho. Huku bibi tunamwita kukhu."

"Sawa kukhu."

Hakuwa mtoto mbaya, na sitaki mtu afikiri alikuwa na dharau. Aliuliza maswali. Aliandika ninayosema. Nilimpeleka shamba la juu, nikampitisha katikati ya mahindi, nikamwambia, "Sita unatoa, mbili unaruka. Sita unatoa, mbili unaruka." Akarudia kama mtoto wa shule ya Jumapili. Wanawake wakamtania, "Nyapara, hizo mbili tunazoruka ni za kiume. Unaona zilivyo? Zimesimama tu zinapunga upepo, sisi tunafanya kazi." Mwingine akadakia, "Na zikishamwaga unga zinakatwa zinapewa ng'ombe." Kijana akaona haya mpaka masikio.

Wiki ya pili akaniuliza kama ninaweza kumuuzia mtamba wangu, ng'ombe jike aliyeko Kamukuywa. Alitaka kumpelekea mama yake. Nikamtajia bei. Akasema, "Kukhu, nitakulipa kwa miezi miwili."

"Miezi miwili? Wewe unakula nini? Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Mshahara wangu ni huu." Akaniambia.

Nikamwambia arudie. Ilikuwa mara tatu ya ninachopata mimi, na hapo nahesabu mwezi ambao sikukosa hata siku moja. Na mimi ndiye ninayemfundisha kazi anayolipwa. Nilivaa soksi zangu mikononi nikaendelea na laini yangu mpaka saa saba, lakini siku hiyo niliacha maua nyuma yangu, jambo ambalo halijawahi kunipata.

Jioni nilienda kwa meneja. Ofisi yake iko kando ya stoo. Nilisimama, hakuniambia niketi.

"Meneja, nimekuja kwa jambo moja. Hii kazi ya maua, nyapara wake ni nani?"

"Si unamjua? Ni yule kijana."

"Anayejua maua ni nani?"

Akacheka kidogo. "Mama, hakuna anayekushinda. Ndiyo maana tunakuheshimu."

"Heshima naipata kanisani. Hapa nataka kuandikwa nyapara wa maua, na malipo ya nyapara."

Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwa upole, na upole wake ulinikasirisha zaidi. Ati nyapara lazima awe na cheti. Nikamuuliza yule mzee wa redio alikuwa na cheti gani. Ati nyapara anasimamia wanaume pia, na wanaume hawasikii sauti ya mwanamke. Nikamwambia wanaume nimezaa wanne na wote wananisikia mpaka leo, mmoja ana mvi. Akaona hayo hayafiki popote, akanitazama usoni.

"Mama, wewe mwenyewe si ndiye huleta majina ya wenye watoto waandikwe nusu? Sijawahi kukulazimisha. Unajua shamba linavyoenda. Kila mtu analipwa kulingana na alivyo. Wao wana nusu yao, wewe una yako. Kwani wakati ule ulisema si haki?"

Nilimwambia tu, "Basi kesho mimi siingii kwenye maua. Siku nitakayoandikwa nyapara nitaingia."

"Pumzika, mama," akasema. "Umri pia unakwenda."

Nilichukua mfuko wangu nikaenda Kanduyi kwa binti yangu. Yeye ni mpishi katika shule ya bweni na amepanga nyumba nyuma ya stendi ya bodaboda. Alinisikiliza huku anakata sukuma wiki. Nilipomaliza akasema, "Mama, sheria iko. Kazi sawa, malipo sawa, mwanamke au mwanaume. Hata sisi jikoni tulipigana. Walikuwa wanawalipa wapishi wanaume zaidi ati wao wanapika kwa masufuria makubwa. Tukawauliza, na sisi tunapikia kwenye vikombe?"

"Mkapewa?"

"Tulizungushwa mwaka mzima. Tukapewa."

Siku ya pili alinipeleka ofisi ya kazi pale mjini Bungoma. Afisa alikuwa mwanamke, umri wa kuweza kuwa mtoto wangu. Kwanza akasema shamba liko Kitale, kwa hivyo malalamiko yangu yanapaswa kupelekwa Kitale. Halafu akaniangalia miguu, akasema, "Lakini keti, mama, nieleze."

Aliniuliza kama nina barua ya kazi. Sina. Kuna mahali jina langu limeandikwa? Kwenye daftari la vibarua. Akaniuliza, "Kazi ya huyo kijana na kazi yako ni sawa?"

"Si sawa."

Binti yangu akanikanyaga mguu.

"Si sawa," nikarudia. "Yangu ni kubwa."

Afisa akacheka akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akaandika kwenye karatasi mambo ya kuweka kwenye barua: nilianza lini, nafanya nini kutoka asubuhi mpaka jioni, nani aliyenituma, nani ananishuhudia. Akasema nianze kwa kumwandikia meneja, nibaki na nakala, na wakikataa niende Kitale na hiyo nakala. Halafu akauliza, "Na wanawake wengine hapo wanalipwaje? Wajawazito, wanaonyonyesha?"

Nikamwambia hiyo nitamweleza siku nyingine. Binti yangu aligeuka akanitazama, maana ananijua, mimi si mtu wa siku nyingine.

Barua ilichapwa kwenye saiba, duka la kompyuta karibu na soko. Nilitia sahihi kwa jina langu lote, pole pole, nikaomba ipelekwe na kijana wa kanisa letu anayefanya kazi Kitale. Meneja aliipokea. Hakujibu. Siku nne zikapita. Nilikuwa ninakaa kwa binti yangu ninachambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Nilijua ni wiki gani. Shamba la karibu na mto lilikuwa linaanza kuchanua, na mahindi hayangoji barua.

Siku ya tano saa tatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa mama mmoja mchanga wa nyumba za laini, mwenye mtoto wa miezi mitano. Huyo nilikuwa nimemwandikisha nusu tangu msimu uanze.

"Kukhu, uko wapi?"

"Niko Kanduyi. Kuna nini?"

"Wanatoa maua ya kiume."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nani anatoa?"

"Sisi. Sisi sote. Nyapara anahesabu, tunatoa. Tumeanza saa kumi na mbili na nusu."

Nikakaa chini. Nikamwambia anieleze walianzia wapi. Akasema walianzia pembeni, upande wa mto. Hapo nikaelewa, na nikajua kosa ni langu nusu. Kuzunguka shamba la mbegu tunapanda laini nne za kiume, kama uzio wa nyumba, ili unga wa mahindi ya jirani usiingie. Kijana nilimfundishia katikati ya shamba la juu. Sita unatoa, mbili unaruka. Za pembeni sikumwambia, kwa sababu mimi sihesabu tena. Nikitazama mhindi ninajua. Yeye alianza kuhesabu na zile nne za pembeni, akaongeza mbili za kike zikawa sita. Akaruka mbili. Na ukianza hivyo, kila mahali utakaporuka utaruka za kike, na kila utakapotoa za kiume zitakuwa ndani. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa na shamba lilikuwa linakufa.

"Na nyinyi hamna macho?" nikamuuliza.

"Tuliona. Mmoja alimwambia, akasema amehesabu. Wengine wakasema wacha, si walisema hawahitaji kukhu? Wanacheka tu."

Nisiongope, hata mimi roho yangu ilicheka kidogo. Ningekata simu nikarudi kwa maharagwe. Mchana meneja angeona. Lakini shamba la mto likikataliwa, hakuna kuvuna mbegu, hakuna kuchagua mbegu stoo, na hiyo kazi ya stoo ndiyo wanawake wanayoila mpaka Disemba. Mimi pia.

"Simamisheni," nikasema. "Mwambie nyapara mimi nimesema asimamishe sasa hivi."

Nilisikia mtoto anapiga kelele mgongoni mwake.

"Kukhu," akasema, "mimi ni nusu siku. Nusu ya mtu itasikizwa na nani?"

Alisema bila hasira. Kama mtu anayekuambia maji yamekwisha. Nimeitwa majina mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kukosa pumzi kama asubuhi hiyo.

Nikamwambia, "Keti chini. Keti katikati ya laini umnyonyeshe huyo mtoto, usiinuke. Wakikuuliza sema kukhu anakuja."

"Unakuja?"

"Keti kwanza."

Aliketi. Nilisimuliwa baadaye. Aliketi kwenye tope, akatoa ziwa, mwenzake wa laini ya pili akaketi, kisha yule wa tatu, mpaka kijana akajikuta amesimama peke yake kama mhindi wa kiume. Akawasihi, "Mama zangu, tafadhali." Mmoja akamjibu, "Tuko nusu siku, nyapara. Nusu imeisha." Basi akampigia meneja. Meneja akaja na pikipiki, akaingia ndani ya mahindi, na wanasema alipotoka hakuwa na rangi.

Nilikuwa tayari nimevaa viatu simu yake ilipoingia.

"Mama, rudi haraka."

"Nirudi kama nani?"

"Mama, huu si wakati. Rudi kwanza, tutaongea."

"Barua yangu umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi iandikie jibu. Nikifika nataka nilikute."

Nikasikia anapumua. Akasema, "Sawa. Sawa mama."

Binti yangu alinipa nauli. Nilifika saa nane. Karatasi ilikuwapo, mistari mitano, muhuri wa shamba chini. Ilisema mimi ni nyapara wa maua kwa muda wa maua, miezi miwili kila msimu, kwa malipo ya nyapara. Nilimwambia karani anisomee, halafu nikaisoma mwenyewe neno kwa neno nikiweka kidole, na wao wakangoja. Miezi mingine nitabaki kibarua. Niliona hilo. Nilikuwa na nafasi ya kubishana, lakini nje mahindi yalikuwa yanachanua. Nikatia sahihi.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Kukhu, nilihesabu."

"Ulihesabu vizuri. Ni mimi sikukwambia ya pembeni. Vaa buti."

Tulifanya kazi mpaka giza. Kona ya mto tuliipoteza, robo ya shamba hivi, meneja akaiwekea alama kuwa ni ya kula. Kwingine kote tulitoa, tukarudia, tukarudia. Yule mama mchanga nilimkuta kwenye laini yake, mtoto amelala kwenye gunia. Nikamwambia asante kwa kupiga simu.

"Sikupiga kwa ajili yako," akasema, haachi kuvuta maua. "Nilifikiria kazi ya stoo."

"Hata hivyo."

"Kukhu, usinishukuru. Niandike."

Mimi si mtu anayejua kuomba msamaha. Nilizoea kuombwa. Nilisimama hapo natafuta maneno, na yeye akasonga mbele mihindi miwili, mitatu, akaniacha. Basi nilienda upande wa pili wa laini yake nikatoa naye mpaka mwisho.

Jioni hiyo karani akaja na daftari kama kawaida. "Nyapara," akaniita, na wanawake wakapiga kigelegele mpaka mbwa wa stoo wakabweka. "Nipe wenye watoto."

"Wa nini?"

"Wa nusu."

"Hakuna wa nusu. Andika wote siku moja."

Akashika kalamu juu. "Meneja anajua?"

"Andika. Akiuliza, mimi niko."

Aliuliza. Siku ya malipo aliniita ofisini. Daftari lilikuwa wazi mezani, kidole chake kinafuata majina ya wiki tatu. Safari hii kulikuwa na kiti, na nikaketi kabla sijaambiwa.

"Mama, hii ni nini? Huyu, huyu na huyu, si wana watoto?"

"Wanao."

"Sasa mbona siku nzima?"

"Wamefanya siku nzima. Laini zao nimezitembea mwenyewe. Huyu wa kwanza amemaliza kabla ya wenzake siku kumi na moja, na mtoto mgongoni."

"Hii ilikuwa desturi yako wewe. Miaka yote."

"Ilikuwa. Nilikosea." Nikashangaa lilivyotoka rahisi mbele yake yeye, na mbele ya yule msichana lilikataa. "Nilikosea, na wewe ulifurahi nikosee kwa sababu ilikupunguzia gharama."

"Nani alikubali hii?"

"Nyapara."

"Nyapara gani?"

Nilifungua mkoba wangu nikaweka ile karatasi yenye muhuri juu ya daftari, nikainyoosha. Nyapara ndiye anayethibitisha siku za watu wake. Mamlaka hayo hakunipa yeye, ndivyo ilivyokuwa tangu wakati wa mzee wa redio.

Nje mkaguzi alikuwa amefika na gari lake, anafunga kamba za buti, anauliza wapi yule mama. Meneja akatazama dirishani, akatazama daftari. Akatia sahihi. Sijui kama alikubali ama alikuwa na haraka, na sijawahi kumuuliza. Nilichukua karatasi yangu, nikavaa soksi mikononi nikiwa bado mlangoni, nikaingia na mkaguzi kwenye mahindi kwa upande wa juu, ambako hatukuwa na la kuficha.